Chungu cha Keturah

Tangu utumwani, nikimlipa bwana fungu lake, nimezunguka na mkokoteni wangu pande zote za ghuba ya Chesapeake nikiuza mifagio na chaza, na wengi niliokutana nao nimewasahau. Keturah Banning sijamsahau. Hakuwa mtu wa kutulia. Ukimpa kiti alikizunguka kwanza, kisha akasimama nyuma yake kama anayesubiri kuitwa.

Bibi wa bibi yake alishushwa melini enzi zile wazungu wanafyeka msitu wapande tumbaku. Babu yake aliwasikia mabwana wakipayuka mezani habari za uhuru, walipokuwa wakimfukuza mfalme wao wa ng'ambo, akadhani na yeye yumo. Hakuwemo. Keturah mwenyewe alizaa wana wawili, wakauzwa kusini kwenye pamba. Akabakiwa na mjukuu, Zilpha, wa miaka tisa.

Yeye ndiye aliyekuwa mtunza chungu wetu. Tulipokutana msituni kusali kwa siri, alifudikiza chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu katikati yetu, ukingo mmoja umeinuliwa na kijiti, ili sauti zetu ziingie humo zisifike kwa bwana. Kama kilisaidia sijui, ila hatukukamatwa hata mara moja. Lakini Keturah alizoea kunong'ona hata akiita kuku.

Uhuru ulifika jimboni kwetu Maryland Novemba ya mwaka 1864, vita vya Kaskazini na Kusini bado vinaendelea. Siku ya tatu tu, Bwana Harwood, aliyekuwa akitumiliki, alimpeleka Zilpha mahakamani, akaandikisha kwamba mtoto hana wa kumlisha, basi atamfanyia yeye kazi mpaka atimize miaka kumi na minane. Wengi walifanya hivyo wiki ile.

Asubuhi iliyofuata Keturah akanijia, chungu kichwani.

"Perry, funga ng'ombe. Twende mjini kwa yule kapteni wa jeshi anayesikiliza mashauri yetu tulioachwa huru."

"Na chungu, Shangazi? Tunakwenda kumpikia?"

"Wewe endesha, mdomo uache hapa."

Njia nzima hakukaa. Alipanda, akashuka, akatangulia mbele ya ng'ombe, akarudi. Nikamwambia atanichoshea wanyama kwa kuwatazamisha.

Ofisini kwa kapteni tulimkuta Harwood ameshafika na makaratasi yake ya mahakama, miguu ameinyoosha. Keturah akafudikiza chungu chake kizingitini, akaingia, akasema neno lake. Mimi nilikuwa ubavuni pake na sikulisikia.

Kapteni akainama mbele. "Sema kwa nguvu, bibi. Mizinga imeniharibu masikio."

Akasema tena. Midomo ilicheza, basi.

"Unaona, Kapteni?" Harwood akasema. "Mpole tu huyu. Hata anachotaka hakijui. Keturah, nenda nyumbani."

Kapteni akachukua kalamu kama mtu anayetaka kumaliza. Nilitaka kusema mimi, lakini mtoto hakuwa wangu. Keturah alitembea mpaka mlangoni. Nikajua tumeshindwa, anaondoka. Kumbe aliinama, akakishika chungu mguu, akakipindua mdomo juu. Akarudi nacho, akakitua juu ya meza, juu ya makaratasi yenyewe.

"MJUKUU WANGU!" Ng'ombe wangu nje waliinua vichwa. "Nimemlea mimi tangu alipozaliwa! Huyu anasema sina cha kumlishia. Chungu hiki hapa! Mikono hii hapa! Yeye Harwood tangu utotoni nani alimlisha, kama si mimi?"

Askari mmoja mlangoni akacheka mpaka akajificha uso kwa kofia. Harwood akavuta miguu yake ndani.

"Hilo nimelisikia," kapteni akasema, akisukuma chungu taratibu ili apate karatasi iliyokuwa chini yake.

Jioni ile ile tulifika kwa Harwood, sisi na askari wawili wenye barua ya kapteni ya kumrudisha mtoto. Zilpha alikuwa anapepeta mahindi uani. Keturah akamwita kutoka barabarani, sauti ikapita uzio, ikapita zizi. Mtoto akaruka, akaangusha ungo, akatazama huku na huku asijue ni nani. Mpaka alipomwona ndipo akaja mbio.

Tukaanza safari ya kurudi, Keturah bado anapanda na kushuka, anaita watu asiowajua mashambani awasalimu. Zilpha alikaa ndani ya chungu, magoti kidevuni.

"Bibi," akasema, "mbona unapiga kelele hivyo?"

"Naijaribu sauti yangu," Keturah akajibu, akashuka tena.