Paka wa Mama, Mbwa wa Kaka

Nyumbani kwetu Koboko, karibu na mpaka wa Sudani, paka walikuwa na haki zote na mbwa hakuwa na hata moja. Paka watatu walilala kitandani kwa mama, walipita mbele ya msala wake akiwa kwenye sijida, na yule mkubwa, jike jeupe lenye mabaka meusi, alikuwa na kisahani chake cha maziwa ambacho mimi, mtoto wa kumzaa, sikuruhusiwa kukigusa. Mbwa alilala langoni. Chombo chake kilikuwa sufuria iliyotoboka, ikikaa nyuma ya choo, na ole wake mtu aichanganye na vyombo vya ndani.

Sisi ni wa ukoo wa askari wa zamani, wale waliotoka Sudani wakabaki huku na dini yao, na mama alishika dini kama alivyofundishwa na mama yake. Mate ya mbwa ni najisi. Ulimi wake ukikugusa, unaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Nyuma ya mlango kulikuwa na kopo la udongo safi uliochekechwa, na siku mbwa akinilamba mguu mama alinisimamia na birika kana kwamba nina miaka sita. Paka, alisema, ni jambo lingine. Mtume aliwapenda, basi nani sisi tuwasimange.

Mbwa aliletwa na kaka yangu mkubwa, aliyestaafu jeshi akajenga nyumba yake ya vyumba viwili katika uwanja huo huo. Kaka si mtu wa maneno. Kila alfajiri yeye na mbwa walitembea mpaka shamba lake la mihogo upande wa Midia, na mara nyingi niliwasikia wakirudi, kaka akimweleza mbwa habari za magugu na mvua. Sisi hakutueleza kitu. Nilimtania kwamba akitaka kuoa tena atuletee mwanamke mwenye mkia, naye akacheka kidogo akaendelea kunoa panga.

Mimi nauza vitambaa sokoni Arua. Alhamisi jioni nafunga, Ijumaa asubuhi nashika gari la Koboko, Jumamosi jioni narudi. Kwa hiyo mambo mengi ya nyumba ile niliyakuta yameshatokea. Hili moja nililiona kwa macho yangu.

Mwaka huo daktari wa mifugo alikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Kaka alimpeleka wake kwa kamba, akapanga foleni juani na watu wa Midia, akarudi na kadi ya chanjo ambayo aliitia katika mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zake za pensheni. Nikamuuliza mama, na paka je? Alikuwa anasuka tabaga, vile vifuniko vya rangi vya kufunikia chakula, na watoto wawili wa paka walikuwa wanavuta nyuzi zake.

"Paka apigwe sindano ya nini?" akasema. "Hii paka iko inakwenda wapi? Inakula dagaa ya mukene, inalala. Wewe ndiyo upigwe sindano, kila siku uko kwa barabara."

Tulicheka. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyepeleka paka.

Miezi michache baadaye, Ijumaa moja saa sita mchana, watu wakiwa wanajiandaa kwenda msikitini, mbwa nisiyemjua aliingia kwa lango. Alikuja kutoka upande wa mpaka. Hakukimbia wala hakubweka. Alitembea kichwa chini, mate yanadondoka, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mbwa wa kaka alimrukia. Walishikana katikati ya uwanja, vumbi likapanda, mama akapiga kelele kutoka mlangoni, na kaka akatoka na mpini wa jembe. Yule mgeni alijichomoa, akapita chini ya kibanda cha kuni alipokuwa amejificha yule paka jike, nikasikia mlio mmoja mfupi, kisha akatokea upande wa pili akaenda zake. Alasiri tukasikia watu wamemuua kwa majembe karibu na kijito, baada ya kuuma mbuzi wawili.

Nilimtoa paka chini ya kuni mwenyewe. Nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na matundu mawili madogo, damu kidogo tu, manyoya yamelowa. Nilimfuta kwa pindo la leso, nikamweka ndani ya chumba cha mama nikafunga mlango. Sikusema. Nataka niliandike hilo waziwazi kwa sababu nimeishi nalo: niliona, nikanyamaza. Nilijua nikisema watamuua, na mama hakuwa na furaha nyingine iliyobaki tangu baba afariki.

Mbwa wa kaka alikuwa na jeraha begani ambalo kila mtu aliliona. Jioni wanaume wa mtaani walikuja. Walikuwa na adabu, walisalimu, walikaa, walikubali chai. Kaka akawatolea ile kadi. Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakaigeuza.

"Afande," mmoja akasema, "karatasi haizuii meno. Sisi tuko na watoto."

Kaka aliirudisha kadi katika mfuko wake wa plastiki. Kisha akafungua kamba, akamwita mbwa kwa sauti ile ile ya kwenda shambani, na wakatoka wawili. Alirudi peke yake. Mama alimwaga maji ya sabuni pale langoni, akafagia, akaitupa ile sufuria katika shimo la taka. "Sasa nyumba iko safi," akasema, na majirani wakaitikia, na mimi nikaitikia pamoja nao. Ndani, paka alikuwa anakuna mlango atolewe.

Kwa majuma matatu au manne hakuna kilichotokea, na nilianza kujipongeza. Kidonda cha paka kilikauka. Alikula, alilala, aliwachapa watoto wake makofi ya kawaida. Nikimwona kaka anakwenda shambani peke yake moyo uliniuma, lakini nilijiambia kwamba angalau nimeokoa mmoja. Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia, kuokoa.

Mwanzoni mwa Shaabani nilifika Ijumaa nikamkuta mama amefunga kitambaa mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Alikuwa anasimulia kisa chenyewe kama kichekesho. Jumanne alimwekea paka maziwa, paka hakuja, akajikunja chini ya kitanda siku nzima. Mama akaingiza mkono kumvuta, "njoo bibi yangu, nani amekukasirisha," na paka akamuuma, akang'ang'ania, mpaka akapigwa na kandambili.

"Uliosha?" nikauliza.

"Niliosha nini? Si mbwa. Nilipangusa na leso."

Nilipiga magoti nikaangalia chini ya kitanda. Macho yalinitazama bila kupepesa. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa paka, nzito, imekwaruza. Jumamosi asubuhi tulimkuta amekufa, miguu ya nyuma imenyooka. Mama alimlilia, akamfunga katika kipande cha shuka, akamzika mwenyewe nyuma ya nyumba. Alisema amekula panya mwenye sumu. Nilisema inawezekana.

Lakini siku ile ile nilianza kumsumbua aende hospitali. Nina mteja mmoja pale Arua, muuguzi, na nilimpigia simu nikamweleza kwa sauti ya chini, nimesimama nje ya choo. Alinijibu bila kuzungusha. Mama yako aje leo, dawa ipo. Akichanjwa mapema atapona. Akingoja mpaka aanze kuogopa maji, hakuna sindano itakayomsaidia, wala hapa wala Kampala.

Niliyarudisha maneno hayo yote kwa mama, ila moja la kwangu nikalibakiza. Sikumwambia kwamba nilimwona paka ameumwa. Kaka alikuwa amekaa pale pale mkekani anamenya muhogo. Ningesemaje mbele yake? Kwamba mbwa wako aliyechanjwa ulimuua kwa mkono wako, na paka asiye na chanjo nilimfungia chumbani? Nilikuwa na ulimi mrefu kwa kila kitu, ila kwa hilo ukafupika.

"Ni paka tu," mama akasema. "Mimi nimeumwa na paka tangu nikiwa mutoto."

Kaka akasema, "Mama, nenda. Mimi nitakupeleka na boda."

"Nitakwenda Jumatatu."

Jumatatu nilipiga simu. Alikuwa na mgeni kutoka Logiri. Jumanne mvua ilinyesha. Juma lililofuata mkono ulikuwa umepona kabisa, akauonyesha kwa majirani kunifanyia mzaha: huyu binti yangu wa Arua, paka akipiga chafya anataka kuita ambulansi. Walicheka, nami nikacheka, kwa kuwa kovu lilikuwa dogo kweli. Kisha mwezi ukaandama na Ramadhani ikaingia, na hapo mlango ukafungwa.

Mama aliamini sindano inaharibu saumu. Kaka alimuuliza imamu, imamu akasema dawa ya sindano haifunguzi, na kama ingefunguza, mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Kaka alimletea jibu hilo neno kwa neno, kama taarifa ya jeshini. Mama alimsikiliza vizuri.

"Imamu amesema kweli," akasema. "Lakini mimi nimefunga miaka yote hii hakuna siku imeruka. Baada ya Idi nitakwenda. Siku chache tu, nyinyi muko na haraka ya nini?"

Yeye mwenyewe alikuwa akituambia tangu utotoni kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitamani kumrushia methali hiyo usoni, nikakumbuka ni nani hasa anayeficha. Nikaenda kuosha vyombo.

Katika kumi la mwisho la mwezi nilifunga duka mapema nikaja kukaa. Sikulipenda nililolikuta. Mama alikuwa anajikuna mkono ule mahali pa kovu, anasema wadudu wanatembea ndani. Usiku hakuwa akilala. Paka wawili waliobaki walimkimbia, au yeye aliwafukuza, sikujua. Mlango ukifunguliwa upepo ukaingia alishtuka akajifunika uso kwa shela. Tulisema ni saumu, ni joto, ni umri. Mtu aliyefunga hanywi maji mchana, basi mchana hakuna aliyeona kitu. Daku alikuwa akila muhogo mkavu chumbani kwake peke yake, na futari za siku mbili hizo alizipokea huko huko, akisema anataka kusoma uradi. Nilipokwenda kuchukua vyombo vikombe vilikuwa vimejaa. Nikavimwaga.

Siku ya tatu kaka alisema hapana, leo tunafuturu pamoja. Tukatandika mkeka uwanjani. Kulikuwa na tende, uji wa mtama, mkate mwembamba wa kisra na mchuzi wa bamia, na maji niliyoyatoa kwenye mtungi, ya baridi. Adhana ikasikika. Mama akala tende. Alitafuna polepole sana. Nikampa kikombe.

Alikishika kwa mikono yote miwili. Kilipokaribia mdomoni shingo yake ilikaza, kitu kikamvuta kutoka ndani, na maji yakaruka juu ya mkeka, juu ya kisra, juu yangu. Kaka akasema, "Pole pole, Mama, ni koo imekauka." Akampa kingine. Mara hii hakungoja kifike. Aliusukuma mkono wa kaka, akageuza uso, anahema kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Toa hiyo maji," akasema. "Toa, mwanangu. Mimi sitaki kuona."

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Mama, nilimwona. Siku ile mbwa mgeni alipopita. Paka alikuwa ameumwa nyuma ya sikio. Nilimwona, nikaficha."

Nilidhani atanilaani. Niliitaka laana hiyo. Alinigeukia, mate yamekaa pembeni ya mdomo, akaninyooshea mkono akanishika goti.

"Na mimi niliona," akasema. "Jioni ile ile, alilala kwa mapaja yangu. Nilinyamaza. Nikasema, wakijua wataua." Akapumua. "Nikasema, hii haiwezi kuleta kitu mubaya kwa mimi. Nimelea kwa mkono yangu."

Kaka alikuwa bado amechuchumaa na kikombe. Alikuwa amesikia yote, mimi kwanza kisha mama. Alikiweka chini, akainuka, akatoka nje ya lango. Nilidhani ameondoka. Baada ya muda mfupi alirudi na gari la jirani, akamnyanyua mama kwa mikono yake akamweka kiti cha nyuma, akapandisha vioo vyote ili upepo usimguse. Njia nzima mpaka Arua aliendesha yeye, na mimi sikuthubutu kumtazama. Mama alilaza kichwa mapajani kwangu akisoma kila dua aliyoikumbuka.

Hospitali walitupokea haraka. Muuguzi wa zamu, msichana mpole, alimtazama mama jinsi alivyojikunja mbali na karai la maji, akanitazama mimi, nikaona kwamba amejua. Akafungua faili. Alikuwa na maswali ya kuuliza na ilibidi ayaulize.

"Ni mbwa ndiye alimuuma?"

Nilifungua mdomo. Kaka, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akanitangulia.

"Hapana, sista," akasema. "Mbwa hakufanya kitu."