Chuo Kisicho na Jina

Mwaka niliomaliza kidato cha sita niliogopa mambo mawili. La kwanza lilikuwa matokeo. Yalipotoka nikakuta A ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia, na hofu hiyo ikaisha siku hiyohiyo. Ya pili ikabaki, tena ikakua: niombe udaktari chuo gani?

Kwetu ni Old Moshi, nyumba iliyo kati ya migomba na mibuni, na ng'ombe watatu wa maziwa bandani. Asubuhi isiyo na ukungu unauona mji wa Moshi wote huko chini. Kwa watu wa kwetu, anayesomea udaktari anasoma kile chuo kikubwa ambacho kila mtu mlimani anakitaja kwa heshima, kama anavyotaja kanisa. Nilikitaka tangu nikiwa darasa la tano. Lakini waliokitaka walikuwa wengi, na C yangu ya Fizikia ilinikosesha usingizi.

Kulikuwa na chuo kingine, kipya, mkoa mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Sifa zao za kuingia nilikuwa nazo bila wasiwasi. Shida ilikuwa jina. Kwenye kundi la simu la wahitimu wenzangu kilisemwa vibaya kila siku. Eti wanafunzi wake wanamaliza hawajawahi kushika sindano. Eti walimu ni wa kuazima. Mmoja aliandika kwamba daktari wa kutoka kule akikupima presha, nenda kapimwe tena kwingine. Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Jumapili moja baada ya ibada, shangazi yangu alikuja kula nyumbani. Ni dada yake baba, nesi mstaafu anayekaa Shirimatunda, kule chini mjini. Aliniuliza ninaomba wapi. Nikamtajia chuo kikubwa, halafu nikaanza kukichambua kile kipya, neno kwa neno kama nilivyosoma kwenye simu.

Baba aliacha kula. "Yaani wanamaliza bila kushika sindano, na wanaachiwa kutibu watu?"

"Wanaachiwa," nikasema, kama mtu aliyekwenda akaona.

Shangazi akanitazama. "Wewe umefika?"

"Hapana."

"Basi hayo unayosema ni ya nani?"

Nilikasirika, nikainuka kuondoa sahani. Ukweli, ambao sikumwambia mtu, ni kwamba nilikuwa najitafutia sababu. Nikikosa chuo kikubwa, nilitaka niweze kusema afadhali nisubiri mwaka mzima kuliko kwenda kule. Kusubiri kungeonekana msimamo. Kwenda kule kungeonekana kushindwa.

Siku tatu baadaye, Jumatano asubuhi, baba aliinua mzigo wa majani ya ng'ombe na hakuweza kuutua. Mama ndiye aliyemkuta amepiga magoti kando ya banda, anatapika. Baba alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Tuliijua, lakini hatukuitaja, kwa sababu yeye mwenyewe aliificha. Ikitokeza alikuwa anageuka ukutani na kuirudisha kwa mkono, kama mtu anayechomekea shati. Siku hiyo haikurudi. Uvimbe kwenye kinena ulikuwa mgumu kama ngumi, na hakutaka hata shuka limguse.

Jirani alitoa gari lake. Mama alikaa nyuma amempakata kichwa, mimi mbele nikiwa na shangazi kwenye simu. "Msimpe hata maji," alisema. "Na msipite popote. Hospitali moja kwa moja."

Barabara ya kushuka kwetu ina kona nyingi. Kila kona baba aliguna, na kila alipoguna nilihesabu mpaka aliponyamaza. Nilikuwa nimesoma Baiolojia miaka miwili kwa ajili ya mtihani, na ndani ya gari lile haikunisaidia kitu. Sikujua kama nishike mkono wake au mguu.

Hospitalini alitupokea daktari wa kike, kijana, labda ananizidi miaka saba, koti jeupe limempwaya mabegani. Alikuwa katika ule mwaka wa mazoezi ambao daktari hufanya akishamaliza chuo. Alimwamkia baba shikamoo, akafunua shuka, akagusa uvimbe kwa ncha za vidole.

"Utumbo umebanwa," alituambia baadaye. "Anahitaji upasuaji leo, haraka. Daktari bingwa yuko ndani anamtoa mama mmoja mtoto. Nitamwandaa mzee ili akitoka huko asisubiri."

Alileta dripu, mpira wa kupitisha puani na fomu ya kukubali upasuaji. Aliposhika mkono wa baba kutafuta mshipa, baba akafumbua macho.

"Binti, umesoma wapi?"

Angeweza kumjibu kwamba huu si wakati wake. Badala yake alitaja jina la chuo, kwa sauti ya kawaida. Kilikuwa kilekile.

Baba akauvuta mkono. "Niitie mwingine."

"Mzee, atakayekupasua ni daktari bingwa. Mimi nakuandaa tu."

"Usiniguse. Huyu binti yangu ni msomi, amenieleza. Nyie wa kule hamjawahi kushika sindano."

Daktari akanigeukia. Nilitegemea hasira, nikakosa. Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya mia, halafu akatazama saa ya ukutani. Kule kutazama saa ndiko kulikonitisha kuliko kitu chochote siku ile. Nikaelewa kwamba utumbo wa baba ulikuwa unakufa wakati sisi tunabishana, na kwamba maneno yaliyokuwa yanamzuia yalitoka kinywani mwangu.

Niliinama sikioni kwake. "Baba, mpe mkono. Mimi sijui lolote kuhusu chuo hicho."

"Ulisema mezani."

"Nilisoma kwenye simu tu. Sijafika. Simjui hata mtu mmoja aliyesoma pale. Baba, nakuomba."

Alifumba macho na kutikisa kichwa. Alikuwa mwoga kama mimi, sasa naliona hilo, na mtu mwoga akishapata sababu haiachii. Nilirudia, nikamsihi, nikaanza kulia. Daktari alimtuma nesi kumwita mwenzake wa zamu, nesi akarudi na kusema yule naye yuko kwenye upasuaji uleule. Mwishowe mama akasema sentensi moja ya Kichagga, kwa sauti ile anayotumia kwa ng'ombe anayegoma kuingia bandani. Baba akanyoosha mkono.

Sindano ya kwanza ilikosa mshipa. Nalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tone la damu lilitoka, daktari akaichomoa, na mimi nikawaza: kumbe ni kweli. "Ametapika sana, mishipa imesinyaa," alisema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Akahamia mkono mwingine, akapapasa bila haraka, akachoma. Ikaingia.

Walipomsukuma kwenye machela kuelekea chumba cha upasuaji, nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Shangazi akafika na mtandio wake umekaa upande. Nikamweleza yote. Nilidhani atanifariji.

"Amecheleweshwa muda gani?"

"Sijui. Dakika ishirini. Labda zaidi."

Alikuwa nesi miaka thelathini, na ukimya wake ulinipa picha za kutosha. Baada ya muda aliushika mkono wangu, lakini bado hakusema kwamba haitakuwa kitu. Nilimheshimu kwa hilo baadaye. Pale benchini nilitamani angedanganya.

Daktari bingwa alitoka akiwa anavua kofia. Baba alikuwa hai. Utumbo ulikuwa umeshabadilika rangi, akasema, umekuwa wa zambarau iliyokolea. Waliufunika kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu, wakasimama wanausubiri, na rangi ikarudi polepole. Hawakulazimika kukata. "Mngechelewa zaidi ya hapa, tungekata," alisema. "Ila aliletwa kwangu ameandaliwa vizuri." Akaenda zake. Mama alikaa chini sakafuni palepale.

Siku ya tatu baba alianza kunywa mtori mwepesi wa ndizi, nami nikamtafuta yule daktari. Nilimkuta karibu na dirisha la wodi, anakula chapati amesimama. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeipanga vizuri ile radhi, lakini ilitoka imekatikakatika.

"Si wewe peke yako," alisema. "Yaani, sio wewe wa kwanza. Mmoja aliniuliza nimesoma wapi huku namshona."

"Lakini ni kweli wanayosema?"

Alitafuna kwanza. "Mengine ni kweli. Mwaka wa kwanza tulikuwa na maiti moja ya kujifunzia, darasa zima. Wa nyuma walikuwa wanaona migongo ya wa mbele. Mwalimu wa dawa aliondoka katikati ya muhula, tukakaa bila mwalimu mpaka muhula ukaisha. Hayo usikatae mtu akikwambia." Akafuta mikono. "Ila hospitali tuliyofundishiwa ilikuwa imejaa wagonjwa na madaktari wachache. Kuanzia mwaka wa tatu tulikuwa wodini kila siku. Sindano nimeshika mpaka nimechoka."

"Ungekuwa mimi, ungeomba?"

"Nisingechagua pa kuomba kwa sababu ya jina. Nenda ukaangalie. Uliza nani anafundisha sasa, sio nani alifundisha zamani. Uliza kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wangapi. Uliza waliomaliza wamefauluje mtihani wa leseni. Na chuo chenye jina pia ukiulize hayohayo." Nilimuuliza kama bado anaogopa. Akacheka kidogo. "Kila asubuhi," alisema, akaitwa, akaenda.

Niliomba vyuo vyote viwili. Majibu ya awamu ya kwanza yalipotoka, chuo kikubwa hakikunichukua. Kile kingine kilinichukua, na nilikuwa na siku chache za kuthibitisha, la sivyo nafasi ipotee.

Nilipomwambia baba, aliuliza nauli ya basi. Alikuwa bado anatembea ameinama kidogo, mkono kwenye kovu. Shangazi alimkataza, hakusikia. Tulikwenda wawili.

Alikikagua chuo kile kama anavyokagua ng'ombe mnadani, bila kusema bei. Alitazama madarasa kupitia dirishani. Alihesabu wanafunzi waliozunguka kitanda kimoja wodini, wakafika kumi na moja, akanitazama. Mimi nilikuwa na maswali yangu kwenye karatasi, na karani mmoja alinijibu mawili vizuri na la tatu akalizungusha. Waliofaulu mtihani wa leseni ni wangapi, hakutaka kutaja. Nikaandika hivyo hivyo: hakutaka kutaja.

Nje ya wodi kulikuwa na mama mtu mzima anachota maji bombani, anamuuguza mumewe. Baba akamsalimia, akamuuliza, "Hawa wanafunzi, wanawatunzaje?"

"Wanauliza maswali mengi mno," alisema yule mama. "Mtu mmoja anaulizwa lilelile na watu sita. Lakini wanarudi. Jioni akiondoka, asubuhi anarudi yuleyule kumwangalia mzee wangu, analijua na jina lake."

Wakati wa kurudi, tulipoanza kuona migomba, baba akasema, "Si pazuri sana."

"Ndiyo, baba."

"Wala si kama ulivyotuambia mezani."

"Ndiyo, baba."

Hakusema niende wala nisiende. Nilisubiri aamue, na alipokaa kimya nikajua ameniachia. Hilo liliniogopesha kuliko kama angekataa.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha nilikaa uani na mama. Namba ya siri ilitumwa kwenye simu yake kwa sababu yangu ilikuwa imeharibika kioo. Alinisomea tarakimu moja moja, nami nikaziingiza kwenye simu ya jirani, maana ya mama haina intaneti. Nikakosea mara mbili.

"Hii ni moja au saba?" nilimuuliza.

"Saba. Usikimbilie."

Nikabonyeza. Maandishi yakatokea kwamba nimethibitisha. Mama akasema "haya", akachukua panga na kwenda kukata migomba ya ng'ombe. Mimi nilibaki kwenye kigoda, nikisoma jina la chuo na jina langu chini yake. Niliyasoma mpaka simu ikazima mwanga, nikaiwasha, nikayasoma tena.