Ufunguo wa Choo Chetu

Nilikisugua kile choo asubuhi nzima kwa majivu na sabuni ya unga, mpaka saruji ikatoa rangi ambayo sikuwahi kuiona. Ploti yetu hapa Nyalenda ina vyumba vinane na choo kimoja, na kila chumba kina ufunguo wake wa choo hicho. Mama mkwe alikuja kutolewa mtoto wa jicho, na daktari alitaka akae mjini siku tatu, hadi bandeji ifunguliwe. Alilala kwa jirani yetu mjane. Kwa mila yetu, chumbani kwa mkwe wake asingelala, hilo nililijua.

Siku ya pili mke wangu akanijia amenuna.

"Mama hali. Hata maji hanywi. Anasema kesho asubuhi anarudi nyumbani."

"Na bandeji? Anataka kupofuka?"

"Anajizuia. Wewe, mkwe wake, unaingia choo hicho hicho."

"Lakini nimekisafisha!"

"Nani ametaja uchafu, Baba?"

Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikamkumbuka baba yangu, aliyekulia Kaloleni, kwenye nyumba za manispaa, wakati wa mkoloni. Alisimulia jinsi mkaguzi alivyokuja na daftari kutazama vyoo vya pamoja. Vilikuwa vinang'aa. Ila wazee waliopangiwa nyumba karibu na wakwe zao walikuwa wakienda vichakani, na mkaguzi akaandika kwamba watu hawa hawajui usafi. Nilimcheka sana yule mkaguzi. Sasa brashi ilikuwa mkononi mwangu.

Nikatoa ufunguo mfukoni. "Mpe mama. Mwambie ni wangu, na sina mwingine."

Jioni hiyo alikunywa vikombe viwili vya chai. Mimi nikawa mteja wa choo cha kulipia stendi, mwendo wa robo saa, wakati mwingine mbio.

"Karibu, Mzee!" mhudumu akaniambia. "Nikuandikie jina mlangoni?"

Siku ya tatu bandeji ikafunguliwa. Mama mkwe aliniona kutoka ng'ambo ya ua, akamwambia binti yake kwamba shati langu lina madoa. Kisha akarudi kwake. Daktari atamtazama tena baada ya mwezi, kwa hiyo ufunguo ameenda nao.

"Akichonga mwingine," alimwambia mke wangu, "nitajua."

Fundi wa funguo yuko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Kila asubuhi nampita nikikimbia.