Maji ya Juzi

Mdogo wangu Nabintu ana kichwa kigumu, na mimi Viviane, yaya wake, yaani dada mkubwa niliyemlea hapa kambini Nakivale tangu tutoke Kivu, nisiposema, nani atasema?

Anafanya kazi kwenye maabara ya chuo kule Mbarara. Anavyonieleza, kuna kidudu kinachoua ng'ombe wa Isingiro, na ndani yake mna protini. Ukiigandisha protini hiyo vizuri unapata fuwele, punje ndogo kuliko chumvi. Protini ina shimo, na dawa ikikaa shimoni kidudu kimekwisha. Basi yeye analoweka fuwele kwenye dawa, kisha zinapelekwa Ulaya kupigwa picha kwa mionzi, waone kama dawa imekaa.

Mwezi wa pili picha zilirudi, shimoni kuna kitu. Jumapili ileile alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba dawa imeingia. Tuliimba, tulicheza, mchungaji Anatole akamwombea. Jumatano mkubwa wake, daktari Jonan, akaangalia vizuri. Haikuwa dawa. Ilikuwa asidi ya limau, ileile waliyogandishia fuwele, imewahi fasi ya dawa na kukaa shimoni. Jonan akamwambia imebaki sahani moja ya fuwele, na mzigo unaondoka Ijumaa ya wiki inayofuata. Safari hii ikishindikana, nafasi yake atapewa mwingine.

Nilimwambia anyamaze tu, watu watasahau. Akakataa. Jumapili alisimama tena mbele ya walewale.

"Nilichowaambia haikuwa kweli," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Benchi la nyuma wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze, na nilimkasirikia yeye kuliko wao.

Mchana nilikuwa bado nimenuna. Nikamtuma kwenye pipa la mihogo michungu niliyoloweka tangu Ijumaa, abadilishe maji. Mtoto wa chuo akachukua jerikeni akamimina maji safi juu ya yale ya juzi. Nikawaka.

"Weye Nabintu, Mbarara imekusahaulisha kila kitu? Uchungu bado iko mule ndani, itatokea wapi? Mwaga kwanza."

Akabaki ameishika jerikeni, hamwagi wala hamimini.

"Yaya, hii njo kosa langu," akasema. "Kila mara nilikuwa naongeza dawa mingi. Limau sikuitoa."

Mihogo nikaimaliza mwenyewe, maana yeye alikwishaingia ndani kuandika.

Jumatatu asubuhi alirudi Mbarara. Fuwele zilikuwa ishirini. Tatu za kwanza alizitoa kwenye limau kwa mpigo mmoja, zikapasuka zote. Jonan akamshauri aache, wapeleke zilizobaki jinsi zilivyo. Alikataa. Akazihamisha moja moja kwa kijitanzi chembamba kama unywele, kutoka tone hadi tone, kila tone limau imepungua kidogo na chumvi isiyoingia shimoni imeshika nafasi yake. Matone kumi, na kila tone anasubiri saa nzima. Sita nyingine zikapasuka. Alinipigia simu analia, lakini alikuwa anaendelea kuhesabu saa. Zikabaki kumi na moja, ndizo alizoziloweka kwenye dawa, na Ijumaa zikaondoka.

Wiki tatu baadaye alipiga tena.

"Imekaa, yaya. Mimi na Jonan tumeangalia siku nne, kila mtu peke yake. Ni dawa."

"Basi njoo Jumapili utoe ushuhuda."

"Siwezi. Tunagandisha fuwele zingine."

Jumapili mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Benchi la nyuma wakatazamana. Nikasimama mimi.

"Dawa ya Nabintu imekaa," nikasema. "Na siku ile aliposimama hapa kusema amekosea, mimi dada yake nilikuwa nimemkataza."