Safari ya Fundo Kuuliza Mwisho wa Hadithi

Ulimi wangu ndio ulionisafirisha. Bwana Khatibu wa Fundo, ambaye hadithi yake ilikuwa ikitoka gazetini kila juma, alifariki ameiacha katikati. Hapa Mtambile ikisomwa barazani kwangu, maana duka langu ndilo kubwa, nami nilianza na kapu la vitumbua. Shule sikukaa. Karani wangu Makame ndiye msomaji, mimi huwakalisha watu.

Hadithi ilimhusu Shaame, aliyemwacha mama yake mgonjwa akaenda kutafuta maisha. Sasa alikuwa njiani kurudi. Atamkuta hai? Wachumaji wangu wa karafuu waligombana wiki nzima. Bi Mize, ambaye mwanawe yuko Mombasa na haleti salamu, hakugombana, aliuliza tu kila siku. Nikasema mbele ya wote, "Nitakwenda mwenyewe kwao marehemu, niwaletee mwisho."

"Ukirudi mtupu, bwana mkubwa," akasema Bi Mize, "usitupitie hapa na kanzu hiyo."

Asubuhi niliondoka na gari ya abiria. Nilikaa mbele na dereva, mimi sikai nyuma. Hadi Chake, kisha hadi Wete, karafuu zimeanikwa kando ya njia. Dereva akaniuliza nakwenda kununua nini. Nikamwambia safari hii sinunui, hakuamini.

Wete nilisali adhuhuri, nikavuka kwa mashua. Mvuvi aliyenivusha alimkumbuka marehemu. "Kuvua hakujua," akasema. "Lakini ukimhadithia jambo, humtoki mpaka umalize."

Fundo nilipiga hodi kwa sauti yangu ya dukani. Mzee Kombo, kaka wa mjane, akatoka akanitazama.

"Bi Asha yumo edani," akasema. "Haonani na wanaume. Huko kwenu hamna eda?"

Nilikuwa nimefikiri kila kitu, zawadi, nauli, kanzu, nikasahau hilo. Nikatoa rambirambi, nikaanza kuaga. Sauti ikatoka ndani.

"Kaka, mwulize kaja kwa lipi."

Nikaeleza. Bi Asha akasema kule ndani, "Mwambie, marehemu hakuwa kafika huko. Nikimwuliza, akinijibu, ngoja kwanza nimpandishe Shaame chomboni. Kampandisha, kisha mwenyewe akaugua."

"Hakuacha hata neno?" nikauliza.

"Hakuacha. Nyie huko mwatakaje?"

Nikamwambia kuna mama mmoja kwetu anataka mama wa Shaame awe hai. Mzee Kombo akatazama chini.

"Basi mwacheni hai," akasema Bi Asha. "Wa kumwua hayupo tena."

Nililala Wete. Kesho yake, garini, nilitunga mwisho wangu, Shaame karudi na maduka mawili. Ulikuwa mzuri.

Mtambile baraza ilijaa. Nilifungua kinywa kuutoa, nikamwona Bi Mize, nikasema maneno ya mjane kama yalivyo.

"Kwa hiyo hakuna mwisho," akasema Makame.

"Wewe msomaji gani?" Bi Mize akamjibu. "Mama yu hai, na mtoto yumo chomboni." Akajitwisha kapu lake akaenda zake.

Nimejifunza kwamba mtu huweza kufuata kitu kizima akapewa nusu, na nusu hiyo ikamtosha aliyemtuma. Mimi haijanitosha. Kila gazeti likija, namwambia Makame aangalie kwanza ukurasa ule wa hadithi.