Nilivyoingia Sokoni na Kitenge Kiunoni

Naam, ni mimi. Ni mimi yule mtu mzima, aliyewahi kuwa afisa habari wa serikali, niliyeingia soko la Morogoro asubuhi ya Jumamosi kweupe nikiwa nimefunga kitenge cha maua ya njano kiunoni na tenga la karoti kichwani, nyuma ya msururu wa akina mama waliokuwa wakicheka tangu mlimani. Sikanushi. Walioniona ni wengi, wasioniona wamesimuliwa, na wapo wanaoisimulia leo kwa mbwembwe ambao wakati huo hawakuwa hata wamehamia mji huu. Aibu niliipata, tena ya kutosha familia nzima. Lakini kuna sehemu wanaikosea kila mara, nayo ni sehemu ya mwisho, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, tangu mwanzo, kwa mpangilio niliofundishwa kuandikia habari.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa sabuni na mitumba, kila mtu amekuwa mfanyabiashara, na sisi wa maofisini tunapunguzwa. Mimi nilipunguzwa mapema (bosi wangu alinipa mkono kwa huzuni kubwa, kisha akaniomba niache kiti changu kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko chake). Nikakaa nyumbani nikitazama milima ya Uluguru, na kwenye barabara ya kwenda mlimani nikawa naona vijana wa Kizungu na mabegi yao mgongoni wanauliza watu mahali pa kupiga hema, na watu wanawaonyesha nyumba za wageni. Nikamwambia mke wangu kwamba mtu atakayepata kiwanja kizuri cha kambi, msituni, kando ya mto, karibu na mji, huyo hatatafuta kazi tena. Akaniambia, "Haya, baba, kitafute." Nikakitafuta kama mtu anayechunguza mauaji.

Nilikipata juu ya kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Mto unapinda, unatulia kwenye bwawa la maji maangavu, na kando yake kuna uwanja tambarare chini ya miti mikubwa, hauna jani moja lililodondoka. Kwenye ukingo kulikuwa na mawe bapa yaliyopangwa vizuri, yamelainika juu kama yamesuguliwa. Palikuwa na majani ya karoti na ya figili yamenasa kwenye mizizi. Nikaona hata kipande cha sabuni. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi, mwenye taaluma, nilijijibu: uwanja umefagiwa na upepo wa mlimani, mawe yamelainishwa na maji, mboga zimeletwa na mafuriko, na sabuni imeachwa na watu waliokuja kupumzika. Nilirudi mara kadhaa kuhakikisha. Nilikwenda Jumatatu, nikaenda Jumatano, nikaenda saa za mchana jua likiwa kali, na kila mara sikukuta mtu. Nikahitimisha kwamba mahali pale hapatumiki.

Sasa, uamuzi wenyewe ulioniponza ulikuwa mdogo tu, hata aya moja haujazi. Niliitisha mkutano kijijini. Walikuja wanaume, wakakaa kwenye mabenchi nje ya ofisi, nikasimama nikaeleza kuhusu utalii, soko huria na maendeleo, nikawaonyesha kwa kidole ule upande wa mto, kisha nikauliza kama tulivyouliza mikutanoni miaka yote, "Kuna mwenye swali?" Wakanyamaza. Mmoja alitazama viatu vyake. Mwenyekiti alikohoa. Nikasema, "Basi, tumepitisha," nikapiga makofi mimi mwenyewe, nao wakapiga kidogo kwa heshima. Mtu wa ofisini kama mimi, aliyelelewa na mikutano, kimya alikuwa anakijua kwa maana moja tu: hakuna pingamizi, tuendelee na ajenda.

Nikaandikia kampuni moja ya watalii Dar es Salaam, wakamtuma mtu wao, Bwana Kileo, aje alale pale na kuamua kama wageni wao wataletwa kwangu au watapelekwa kwingine. Hapo ndipo matumaini yangu yote yalipokuwa. Akikubali, nina kazi. Akikataa, nimebaki mtu wa kukaa barazani na gazeti la jana.

Alifika Ijumaa jioni, suruali imenyooshwa hadi mkunjo unaweza kukukata kidole, viatu vyeusi vinang'aa. Nilipomvusha mto kwenye mawe, mimi niliteleza, yeye akanishika kunisaidia, tukaingia majini wote wawili hadi kiunoni. Hakukasirika sana. Alitazama uwanja, miti na bwawa, akasema, "Afisa, hapa umepata." Nilifurahi mno hata baridi sikuisikia. Tukafunga kamba kati ya miti miwili, tukaanika suruali zetu juu yake, tukala, kila mtu akaingia hemani kwake na nguo ya ndani na blanketi, tukalala usingizi wa watu waliofanikiwa.

Kilichoniamsha ni sauti. Kulikuwa na ukungu, mwanga ndio kwanza unaanza kupenya kwenye miti, na nje nilisikia watu wanatua mizigo mizito, mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo ya Kiluguru yanaanza kwa uchangamfu, yanapungua, kisha yanakatika kabisa. Halafu mwanamke mmoja akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesoma ubao:

"Suruali."

Mwingine akasema, "Mbili."

Nikaelewa yote kwa pamoja. Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio kubwa la wiki. Akina mama wa milimani hushuka na mboga gizani, na hapo ndipo wanapotua, wanapoosha karoti na figili, wanapokoga na kusugua miguu kwenye yale mawe, wanapobadili nguo ili wasiingie mjini na tope. Ndiyo maana palikuwa tambarare, ndiyo maana palifagiwa, na ndiyo maana wanaume kijijini walitazama viatu. Mahali wanapokoga mama zao na dada zao, mwanamume wa pale hapitii asubuhi hiyo, wala hapataji kwa mdomo mbele ya mgeni. Mimi nilikuwa nimepiga hema katikati ya bafu la kata nzima.

Sikujua mtu afanye nini katika hali hiyo, kwa hiyo nikafanya nililofundishwa na mama yangu. Nikasema kutoka ndani ya hema, "Shikamooni, mama zangu."

Kisha ile sauti ya kwanza, "Marahaba. Wewe uliyemo humo ndani ni nani?"

Nikajitaja, nikajieleza, nikataja mkutano, nikasema kwamba suala hili lilipitishwa.

"Lilipitishwa na nani?"

"Na wanakijiji, mama."

"Wanaume," alisema, na wenzake wakaguna. "Huku kwetu ardhi inakwenda kwa upande wa mama, baba. Hapa ni pa bibi yangu. Hao walikupa kisicho chao. Kabila lako nani?"

"Mnyamwezi."

Nilichosikia baadaye hakikuwa kicheko cha kawaida. Kilianzia karibu na hema, kikapita mtoni, kikawafikia waliokuwa bado wanashuka njiani. Ndugu zangu, kama Mungu alitaka kuniokoa asubuhi ile angeniumba kabila jingine, maana Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akishika kitu chako, unakikomboa kwa masharti yake, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa.

"Mtani wetu," alisema yule mama, ambaye wenzake walimwita Mama Koleta, kwa upole uliozidi. "Mtani ametuletea suruali. Na huyo wa pili?"

Bwana Kileo alisema kwa sauti ya ofisini kwamba yeye ni Mchagga, kutoka Dar es Salaam.

"Huyo hatuna neno naye, ni mgeni. Mpeni suruali yake, ila asitoke. Sasa nisikilizeni nyote wawili. Mlalie upande wa mlimani, mjifunike blanketi kichwani, sisi tukoge, jua linatukimbiza. Atakayechungulia tutamloweka na hema lake."

Nilijifunika, tena nikafumba macho humo humo ndani ya blanketi. Nikawasikia wakikoga. Waliongea mambo yao, mtoto anayeota meno, padri mpya anayehubiri hadi uji unapoa, mume aliyenunua redio wakati paa linavuja. Mmoja aliuliza kama Wanyamwezi wanakoga au wanapanguswa tu, na mwingine akamjibu kwamba huyu alijaribu jana, ona suruali yake ilivyoloa.

Walipomaliza wakatoa hukumu. Suruali nitaipata sokoni, si kabla. Fidia ya kulala chumbani kwa watu ni kubeba tenga la Mama Koleta mwenyewe, ambaye goti lilikuwa linamsumbua. Nilipoomba angalau kitu cha kujistiri, mkono uliingizwa chini ya hema na kile kitenge.

Njia ya kushuka sitaieleza sana. Tenga la karoti mbichi lina maji, maji yanashuka shingoni, shingo haijazoea. Kila tuliyepishana naye alipewa maelezo. "Huyu nani?" "Mtani. Tumemwokota mtoni." Bwana Kileo alitembea kando na suruali yake mwilini, anatafuna karoti aliyopewa, na kila nilipomtazama niliona anafikiri, nami nikawa naomba moyoni tu kwamba hafikirii kuniacha.

Sokoni ndipo nilipokutana na bosi wangu wa zamani, anachagua nyanya.

"Afisa," alisema, akanitazama kuanzia karoti hadi chini. "Mambo yanakwendaje huko kwenye soko huria?"

Nikamwambia yanakwenda.

Nilipotua tenga, Bwana Kileo akanivuta pembeni, na hii ndiyo sehemu wanayoikosea. Mjini wanasema aliniacha pale pale kwa sababu ya kitenge. Si kweli. Bwana Kileo alikuwa amechangamka kama mtu aliyeokota pochi.

"Afisa, nimekubali," alisema. "Lakini tusikilizane. Misitu iko kila mahali, mito iko kila mahali. Kitu cha kuuza ni kile cha asubuhi. Mahema tutayaweka mbali kidogo, tuyafunike na majani, akina mama wasijue. Madirisha yana wavu, mtu wa nje hakuoni. Wageni watalipia mara mbili. Nakwambia mimi niliyeona."

"Ulichungulia," nikasema.

"Afisa, mimi nipo kazini."

Nilisimama pale, kitenge kimelowa, shingo imekakamaa, bosi wangu wa zamani yuko hatua chache akijifanya anabonyeza nyanya. Nilitaka ile kazi. Nisiseme uongo, niliitaka kuliko kitu chochote, na niliona jinsi ilivyokuwa rahisi: nitikise kichwa, nivae suruali, niende nyumbani nikamwambie mke wangu nimepata. Hakuna ambaye angejua. Akina mama wale wangeendelea kutua matenga na kusimuliana habari za padri, na nyuma ya majani kungekuwa na watu waliolipa.

Nikasema, "Hapana."

"Sema polepole, Afisa."

"Hapana," nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, sauti niliyoifanyia kazi miaka mingi. "Uliambiwa ujifunike blanketi, ukachungulia. Sasa unataka nikuletee na wenzako wachungulie. Nenda kawaambie kampuni yako kwamba kiwanja hiki hakipo."

Soko liligeuka kututazama kuanzia kwenye karoti hadi kwenye nyanya. Mama Koleta, aliyekuwa anapanga mafungu, aliinuka na goti lake bovu, akamwendea Bwana Kileo, akachukua karoti iliyobaki mkononi mwake na kuirudisha tengani. Wenzake ndio waliosema, na mengine yalikuwa kwa Kiluguru, nadhani kwa bahati yake. Alipanda basi la kwanza. Kampuni haikuniandikia tena.

Mama Koleta akaniletea suruali yangu. Nikamwambia asante, nikaitupia begani, nikarudi nyumbani na kitenge changu vilevile, kwa barabara kubwa, mbele ya ofisi yangu ya zamani. Wenzangu wa zamani walitoa vichwa madirishani. Niliwapungia mkono.

Wiki iliyofuata nilikwenda kijijini kumuuliza mwenyekiti kwa nini hakusema kitu mkutanoni. Akaniambia, "Bwana Afisa, uliuliza nani ana swali. Hakuna aliyekuwa na swali. Tulikuwa na jibu, hukuliuliza." Nikaenda kwa Mama Koleta, nikakaa chini jikoni kwake, nikauliza jibu. Akanipa kiwanja kingine, juu zaidi, chenye mawe na siafu, ambacho alisema hata mbuzi hawakitaki. Nimekitoa mawe kwa mikono yangu. Wageni hawakuja kwa mabasi, walikuja mmoja mmoja na mabegi yao, na wanakuja mpaka leo. Jumamosi asubuhi hakuna anayeshuka mtoni kabla sijasikia akina mama wameanza safari ya sokoni, na kitenge chenyewe (Mama Koleta alikataa nikirudishe) ndicho pazia la jiko la kambi yangu.

Nimeapa jambo moja tu. Sitasema tena "tumepitisha" kwa sababu watu wamenyamaza. Nauliza mara ya pili, nauliza wanawake, na naenda kuangalia alfajiri. Hayo mengine sijutii. Anayetaka kunicheka na aje Jumamosi, Mama Koleta bado anaumwa goti, na tenga lipo.