Kadi za bluu zimetoka zambarau

Kama una kadi inakwenda kuchapwa leo, isimamishe kwanza usome hapa.

Binamu yangu anaolewa Jumamosi ijayo. Kadi nilitengeneza mimi, bluu ileile ya vitambaa vya sare. Nikairusha kwenye grupu la kamati, wote wakaipitisha kwenye simu zao.

Dada mchapaji alinionya: "Kaka, bluu hii ni ya kwenye kioo cha simu, kwenye karatasi inabadilika. Igeuze iwe rangi ya wino, halafu njoo tuchape moja tuione."

Nikamjibu kamati imeshapitisha.

(Ndiyo, nilimjibu hivyo.)

Leo nimefungua boksi la kadi kijijini Mvumi, mbele ya shangazi, mama wa bibi harusi. Kadi zote ni zambarau.

Akaiweka moja juu ya kitambaa cha sare.

"Mwanangu, si ndiyo rangi tuliyovaa tukimzika baba yake bibi harusi?"

Kuchapa upya haiwezekani, kadi zinagawiwa kesho.

Nimekaa nje, niambieni chochote.

Shangazi yuko ndani, ameomba kalamu, anaandika majina ya wageni kwenye kadi hizohizo.